Salamu za Krismasi kutoka Kisumu: Beseni la Maji ya Kunawa

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki, ninawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo na kuwatakia Krismasi yenye amani, ninyi mlio nyumbani na ninyi mlio mbali. Ninaandika kutoka Kisumu, katika siku hizi ambazo kituo cha mabasi hakilali, na soko la Kibuye limejaa kuku waliofungwa miguu, magunia ya mchele, na kina mama wanaopigania bei ya nguo za watoto kwa sauti ya furaha.

Wengi wenu mko safarini au mnafunga mizigo. Njia mnaijua: Nairobi, Naivasha, Nakuru, kisha ule mteremko wa Sachangwan na Salgaa ambao umetunyang'anya watu wengi, hadi Mau Summit, ambapo wa Kericho na Kisumu hukata kushoto na wa Eldoret, Bungoma na Malaba hunyoosha mbele. Ninawaombea mfike salama. Ninawaombea pia subira, kwa sababu utingo anayewadai nauli maradufu mara nyingi si yeye aliyeipandisha, naye ana mama anayemngoja mahali fulani kama mnavyongojwa ninyi.

Mwaka huu ninataka kuwaandikia juu ya jambo moja lililonipata nikiwa na umri wa miaka kumi, nyumbani kwetu Vihiga, siku ya Krismasi.

Enzi hizo chapati zilikuwa chakula cha Krismasi. Unga wa ngano haukununuliwa ovyo, na sisi watoto tulizihesabu chapati kwenye sinia kabla hazijafunikwa, tukajua kila mmoja wetu angepata ngapi. Siku hiyo tulitoka kanisani saa saba, wajomba na shangazi wakaketi chini ya mwembe, na harufu ya kuku ikatufikia kutoka jikoni. Mama akaniita nilete beseni, sabuni na taulo, naye akabeba jagi la maji ya vuguvugu. Nilidhani tungeanza kwa mjomba mkubwa, kama desturi ilivyo. Mama aliwapita wageni wote, akaenda hadi karibu na zizi, mahali alipokuwa ameketi juu ya gogo kijana aliyetuchungia ng'ombe.

Kijana huyo alitoka Budalang'i. Mto Nzoia ulikuwa umefurika na kulibeba shamba la wazazi wake, ndipo akatafutiwa kazi kwetu. Alinizidi miaka minne hivi. Alikuwa akila jikoni peke yake, katika sahani ya bati iliyobambuka ukingoni, na hakuna mtu katika nyumba yetu aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu, nami nikiwa mmoja wao. Mama alimwinua, akamleta chini ya mwembe, akampa kiti, kisha akanigeukia akaniambia nimshikie beseni.

Nilikataa. Sikusema neno, nililiweka beseni kwenye nyasi na kutazama upande wa barabara. Mama hakunikemea. Alipiga magoti pale pale akiwa na nguo yake ya kanisani, akaliinua beseni kwa mkono wa kushoto, akamimina maji kwa mkono wa kulia. Naikumbuka mikono ya yule kijana kana kwamba naitazama sasa: nyufa nyeupe kwenye vifundo vya vidole, kovu la kamba lililokata kiganja, na jinsi ilivyotetemeka hata sabuni ikamponyoka mara mbili. Mara zote mbili mama aliiokota, akaipangusa nyasi, akampa tena. Akamfuta kwa taulo la wageni. Baada ya hapo ndipo alipowaendea wajomba, na mjomba mkubwa, ambaye nilidhani angekasirika, alinyoosha mikono yake bila kusema lolote.

Mama alikuwa wa Kanisa la Marafiki, yaani Waquaker, ambalo mizizi yake kwetu ni misheni iliyoanzishwa Kaimosi mwaka 1902 na Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Marafiki hawana mkate na divai juu ya meza, hawabatizi kwa maji, wala hawana ibada ya kuoshana miguu. Kwa hiyo mtu aliyelelewa katika kanisa hilo hana mahali pa kuuweka unyenyekevu wake isipokuwa nyumbani, shambani na njiani. Nilipokuwa mtu mzima, nikaalikwa na rafiki Mkatoliki kwenye ibada ya Alhamisi Kuu hapa Kisumu, nikamwona padri akiinama na kuosha miguu ya watu kumi na wawili, mmoja baada ya mwingine. Machozi yalinitoka, na rafiki yangu akadhani nimeguswa na nyimbo.

Tangu siku hiyo nimeisoma sura ya 13 ya Injili ya Yohana mara nyingi, na kuna jambo ndani yake ambalo naona tunalipita haraka. Kabla ya kueleza kwamba Yesu aliondoka chakulani na kujifunga kitambaa kiunoni, Yohana anatuambia Yesu alijua nini wakati huo: alijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu naye anarudi kwa Mungu. Yaani hakuinama kwa sababu alijiona si kitu. Aliinama akijua vizuri kabisa yeye ni nani. Sisi wengi hushindwa kuinama kwa sababu hatuna uhakika huo. Tunaogopa kwamba tukionekana tumemshikia mtu beseni, hadhi yetu itamwagika pamoja na maji. Na tukumbuke kwamba Yuda alikuwa bado hajatoka chumbani. Miguu yake nayo ilioshwa, kwa maji yale yale.

Tukirudi Bethlehemu, Luka anasema mtoto alilazwa katika hori ya kulia ng'ombe kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Hori tumeigiza katika michezo ya watoto hata tumeizoea. Lakini watazameni watu wa kwanza kupewa habari. Hawakuwa makuhani wa Yerusalemu, wala hawakuwa wenye ile nyumba ya wageni iliyojaa. Walikuwa wachungaji waliokaa makondeni, wakilinda kundi lao kwa zamu usiku. Neno hilo, zamu, ndilo linalonishika kila mwaka. Ni neno la mlinzi wa lango anayevaa koti zito saa kumi na mbili jioni, la muuguzi anayebadilishana na mwenzake wodini, la kijana wa bodaboda anayesubiri abiria Kondele hadi usiku wa manane. Malaika alianzia kwa waliokuwa kazini. Mama yangu hakuwahi kunihubiria hayo, lakini naamini alijua alichokuwa akifanya alipoipita ile mikono ya heshima na kuanzia karibu na zizi.

Paulo aliwaandikia Warumi kwamba wapendane kwa pendo la udugu, "kwa heshima mkiwatanguliza wenzenu". Kumtanguliza mtu ni jambo linaloonekana kwa macho. Ni nani anayenawa kwanza, ni nani anayepewa kiti, ni nani anayeitwa kwa jina lake. Katika nyumba zetu nyingi yupo msichana anayeamka kabla yetu sote, anayejua mtoto wetu analala upande gani na anapenda uji wa moto kiasi gani, na bado wageni wakija hatumtambulishi. Tunasema "huyu ananisaidia kazi", kana kwamba hakupewa jina na mama yake. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi yenye malipo kamili baada ya kila mwaka wa kazi. Hiyo ni haki yake, si hisani yetu. Tukimzuia asiende kwao Krismasi bila kukubaliana naye, au tukimwambia mshahara wa Desemba atapewa Januari karo ikishalipwa, basi na tusome Kumbukumbu la Torati 24, pale panaposema ujira wa kibarua maskini ulipwe siku iyo hiyo kabla jua halijachwa, kwa kuwa moyo wake umeutumainia. Sijui namna nyingine ya kuyaelewa maneno hayo.

Kuna jambo dogo zaidi, nalo linaumiza kuliko tunavyodhani. Tunapokutana kijijini tunafurahia kuzungumza lugha zetu za mama, na ni vyema, kwa kuwa lugha hizo ni urithi. Lakini mezani akiwapo mtu asiyeifahamu, awe mkwe aliyeolewa kutoka mbali, awe dereva aliyetuleta, awe kibarua wetu, na sisi tukaendelea kuzungumza na kucheka huku yeye akitazama sahani yake, tumemtoa nje ya nyumba ingawa bado ameketi ndani. Na anaposikia jina la kabila lake likitajwa katikati ya kicheko, haihitaji mkalimani.

Ninaligusa hilo kwa uchungu, kwa sababu ninaikumbuka Krismasi ya mwaka 2007. Ilikuwa Jumanne. Tuliimba habari za amani duniani katika makanisa ya Kisumu, ya Nakuru na ya kote nchini, tukaombeana heri, na Alhamisi tukapiga kura. Mwaka ulipogeuka, majirani walikuwa wanachomeana nyumba, uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulikuwa umejaa mahema ya waliofukuzwa makwao, na kufikia mwisho wa machafuko hayo zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamepoteza maisha. Wengi wa waliotenda na wengi wa waliotendwa walikuwa wamevaa nguo mpya katika ibada siku chache tu kabla. Chuki ile haikuzaliwa siku ya kutangazwa kwa matokeo. Ilikuwa imekaa mezani petu miaka mingi ikila nasi, katika mizaha ambayo hakuna aliyeikanya kwa kuwa aliyetaniwa hakuwa anaielewa lugha yake. Tunapoelekea uchaguzi wa mwaka 2027, ninawasihi wazee wa familia, ninyi ambao neno lenu bado lina uzito, mkanye mizaha hiyo mbele ya watoto Krismasi hii hii.

Ninajua pia kwamba wengi wenu mtatoa, na Mungu awabariki. Mtanunua unga, mafuta ya kupikia na sukari, na kuwapelekea wajane na mayatima. Nina ombi moja tu: iacheni simu mfukoni. Mama mzee anayepokea pakiti mbili za unga akiwa amesimamishwa jua kali ili apigwe picha pamoja na mfadhili wake, huyo amelipia unga huo kwa uso wake. Ketini naye badala yake. Ulizeni mumewe alifariki lini, na mahindi yake yalitoka vipi msimu huu. Kugawa unaweza kugawa ukiwa umesimama wima, lakini maji ya kunawa huwezi kummiminia mtu bila kuinama.

Mimi mwenyewe sijayafikia haya yote. Wiki tatu zilizopita nilimjibu vibaya mlinzi wa lango letu kwa sababu alichelewa kufungua kukiwa na mvua, na nilipoingia ndani ndipo nikatambua kwamba yeye ndiye aliyekuwa amelowa. Asubuhi yake nilikwenda kumwomba msamaha. Alishtuka kuliko alivyofurahi, na mshtuko wake ulinieleza mengi juu ya namna watu kama mimi tunavyoishi na watu kama yeye.

Mama alitutoka miaka mingi iliyopita. Jagi lake bado lipo, la plastiki ya buluu iliyopauka, lenye ufa mpini mwake ambao baba aliuziba kwa kuyeyusha plastiki kwenye makaa. Nimewaomba ndugu zangu kwamba Krismasi hii, tutakapokutana Vihiga, mimi ndiye nishike beseni na kumimina maji, kuanzia kwa wanaotupikia na wanaotuchungia ng'ombe hadi kwa mjomba mkubwa, ambaye sasa ana miaka zaidi ya tisini na anasukumwa kwenye kiti chenye magurudumu.

Kwa ninyi mtakaokuwa zamu siku hiyo, katika wodi, malangoni, ziwani, jikoni mwa watu na nyuma ya usukani, ninawatumia salamu za kwanza kabisa, kabla ya wengine wote.

Na kwako wewe, kaka yangu wa Budalang'i, uliyetuchungia ng'ombe misimu miwili kisha ukaondoka kurudi kwenu alfajiri moja kabla sijaamka: nimekuulizia Port Victoria, nimekuulizia Sio Port, sijakupata. Siku ile niliweka beseni chini na kutazama barabara, nawe uliniona. Nisamehe. Ikiwa salamu hizi zitakufikia, njoo na watoto wako, na wajukuu ikiwa Mungu amekujalia. Mwembe tuliukata, lakini viti tunaviweka pale pale.

Heri ya Krismasi na baraka za Mwaka Mpya.