Safari ya Paros: mwezi na maandalizi

Ndugu wanakikundi,

Napendekeza twende Paros, kisiwa cha Ugiriki, kuteleza majini kwa vishada (kitesurfing) mwanzoni mwa Septemba, kwa kuwa ufuo wa Pounda umeelekea mlangobahari mwembamba unaokitenga kisiwa hicho na Antiparos, ambako meltemi, upepo wa kaskazini wa majira ya joto, hubanwa na kuongezeka nguvu. Julai na Agosti huwa mkali zaidi, na vyumba huwa ghali. Waliozoea kusi ya Paje wasiudharau.

Upepo ukichafuka, feri za Piraeus, bandari ya Athens, huzuiwa kuondoka, hivyo tusikate tiketi ya ndege ya kurudi kwa siku ileile tutakayovuka. Naomba kila mmoja anitumie uzito wake faraghani kabla ya Ijumaa (sitautangaza), ili nimkodie kishada cha ukubwa unaomfaa.