Barua kwa Baba Neema kuhusu zile Altezza mbili

Moshi, Jumapili jioni

Baba Neema, kaka yangu,

Habari za huko Njiro? Mama Neema na watoto hawajambo? Sisi huku Moshi wazima, mvua imenyesha kidogo na mlima umejifunika tangu asubuhi.

Picha zako za zile Toyota Altezza mbili zimefika zote. Nimezikuza, nikazirudia, mpaka mke wangu akaniuliza kama nanunua mimi. Umeniuliza swali moja, uchukue ya manyuali au ya otomatiki, na jibu langu ni hili: kama gia boksi zote mbili ni nzima, chukua ile nyeupe ya manyuali. Lakini kuna jambo nimeliona kwenye picha ambalo muuzaji hakukwambia, na lazima tuanze nalo.

Tazama tena picha ya tano, ya bamba lililo kwenye chumba cha injini cha ile ya rangi ya fedha. Imeandikwa GXE10. Hiyo ni AS200, Altezza ya kawaida, hata kama nyuma wamebandika nembo ya RS200, ile ya mbio. RS200 ya kweli huandikwa SXE10, kama ile nyeupe ilivyo. Kwa hiyo wewe unadhani unachagua kati ya gia mbili za gari moja, kumbe ni magari mawili tofauti yaliyovaa bodi moja. Ile ya fedha ina injini ya 1G-FE, silinda sita, lita mbili, nguvu za farasi 160, na otomatiki ya gia nne. Ile nyeupe ina 3S-GE, silinda nne, lita mbili vilevile, ambayo Toyota waliitengeneza kwa kushirikiana na Yamaha, farasi 210, gia sita za mkono. Tofauti ya farasi 50 si ndogo, na bei wanayokutajia kwa ile ya fedha ni ya RS200. Hilo peke yake linatosha kuwarudisha mezani.

Tuseme basi wangekuletea RS200 ya otomatiki. Zipo, zina gia tano na vitufe vya kubadilishia gia kwenye usukani. Bado ningekwambia manyuali, na sababu iko ndani ya injini yenyewe. Farasi 210 wa 3S-GE hawapatikani ovyo. Wanakuja mizunguko ikifika 7,600 kwa dakika, na msukumo wake mkubwa kabisa uko kwenye 6,400. Chini ya 4,000 hilo ni gari la kawaida la kwenda sokoni. Injini ya namna hiyo inataka dereva aishikilie gia, asiiachie mapema, aipangue kabla ya kona ili atoke na nguvu mkononi. Otomatiki za miaka ile, maana Altezza ilitoka mwaka 1998 na kukoma 2005, zilipangwa kumpa abiria utulivu. Zinakimbilia gia kubwa upesi, na ukikanyaga mafuta zinafikiri kwanza ndipo zishushe. Toyota wenyewe waliilegeza injini ya RS200 ya otomatiki ikawa farasi 200. Ile ya silinda sita ndiyo inayopatana vizuri na otomatiki, kwa sababu ni laini na haihitaji kukamuliwa. Ni gari zuri la safari. Ila wewe hukuniandikia kuhusu gari la safari, uliandika kuwa tangu chuo unaiota Altezza ya kukimbia.

Halafu kuna suala la mahali tunapoishi, ambalo wauzaji wa Dar hawalifikirii kwa kuwa wao wako usawa wa bahari. Arusha iko kama mita 1,400 juu. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita elfu moja unazopanda, kwa kuwa hewa inayovutwa ni nyepesi. Kwa hiyo farasi 210 wa kwenye karatasi, hapo kwako Njiro ni kama 180. Farasi 160 wa ile ya fedha wanabaki chini ya 140, na wanapita kwenye otomatiki ya gia nne. Ndiyo maana watu wa Arusha hununua Altezza ya otomatiki kisha wanalalamika kuwa imechoka, wanabadilisha plagi, wanasafisha nozeli, na gari linabaki vilevile. Subaru zenye turbo hazisumbuki sana na jambo hili kwa sababu turbo inaisukumia injini hewa, na mtu wa otomatiki anayetaka mbio Arusha mimi ningemwelekeza huko.

Fikiria njia unazopita. Kilomita 80 za kuja Moshi unazijua: uko nyuma ya lori baada ya Maji ya Chai, nafasi ya kuovateki ni fupi, mbele kuna kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi. Kwenye manyuali unaweka gia ya tatu kabla hujatoka pembeni, unapita, unarudi upande wako, umemaliza. Kwenye otomatiki ya gia nne unakanyaga, unasubiri, inashuka gia kwa kishindo, na zile sekunde mbili ulizosubiri ndizo ulizokuwa unazihitaji. Au njoo huku kwetu, upande kutoka Himo kwenda Marangu. Otomatiki inahangaika kati ya gia ya pili na ya tatu njia nzima. Na kushuka ndiko muhimu zaidi: Kibosho au Old Moshi, mteremko mrefu, watoto wa shule pembeni. Gia ya pili ya mkono inalishika gari, breki zinabaki baridi. Otomatiki nayo ina L na 2, gia ndogo za kushukia mlima, lakini kaka, ni madereva wangapi unaowaona wakizitumia? Wanashuka na D, mguu kwenye breki mwanzo mpaka mwisho, ukifika Moshi mjini unasikia harufu ya pedi.

Sisemi otomatiki ni duni. Nissan GT-R R35, iliyotoka mwaka 2007, haikuwahi kuuzwa na gia za mkono hata moja, na kuna magari machache yanayoweza kuifuata. Lakini ile ina klachi mbili zinazoendeshwa na kompyuta na inabadili gia kabla hujamaliza kufikiri. Hiyo si teknolojia iliyomo kwenye gari lenye umri wa miaka ishirini na kitu unalotaka kununua.

Kuhusu foleni, ndiyo, mguu wa kushoto utafanya kazi Sanawari na Mianzini. Utazoea. Cha kuzingatia ni kutokulishikilia gari mlimani kwa klachi. Weka hendibreki, usiiunguze pleti ya klachi kwa uvivu.

Sasa nije kwenye lile uliloliandika mwishoni kwa nusu mstari, kwamba huenda ukaiuza Toyota IST ya Mama Neema kujazia hela. Kaka, hapo ndipo pana uamuzi wenyewe, siyo kwenye gia. Kama IST inabaki, nunua ile nyeupe na Mungu akubariki. Kama IST inauzwa, basi Altezza ndiyo itakayompeleka Neema shule, ndiyo itakayokwenda soko la Kilombero, na atakayeiendesha siku nyingi ni shemeji. Yeye ameendesha otomatiki tangu alipopata leseni. Anaweza kujifunza, wala si kazi ya miujiza, lakini aulizwe kwanza na akubali kwa moyo, asikute gari uani limeshanunuliwa. Akisema hataki, chukua ile ya fedha kwa bei ya AS200 na uwe na amani nyumbani. Naomba sana usiiuze IST bila mazungumzo hayo.

Tuseme mmekubaliana. Twende kwenye ukaguzi, na hapa usiwe na haraka.

Ile nyeupe uione asubuhi ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa boneti. Gia boksi iliyochoka hujificha mafuta yakishapata moto. Washa, subiri, ondoka polepole, ingiza ya pili. Ugumu kidogo wakati wa baridi ni wa kawaida kwa gia boksi hii. Kukwaruza si kawaida, maana yake sinkronaiza, kile kinachozilainisha gia zishikane, imekwisha. Rudia kutoka ya tatu kwenda ya pili ukiwa mwendo wa kati. Kisha kwenye kila gia kanyaga mafuta na uachie ghafla. Gia ikijitoa yenyewe, shuka, rudisha ufunguo, nenda nyumbani.

Klachi ipime barabara ilipo wazi: gia ya nne, kilomita 50 kwa saa, kanyaga mpaka chini. Mizunguko ikipanda na mwendo usipande, pleti inateleza. Sikiliza pia injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta na gia ikiwa nyutro. Kama kuna mlio unaopotea ukikanyaga klachi, tatizo ni beringi ya ndani ya gia boksi, na hiyo ni kazi kubwa. Kama mlio unakuja pale unapokanyaga, ni beringi ya klachi, nafuu kidogo, ingawa bado gia boksi itashushwa. Akushushie bei. Mwisho lala chini uangalie pale injini inapokutana na gia boksi. Kukiwa na oili mbichi, sili ya nyuma ya injini inavuja na inaweza kulowesha pleti.

Na usisahau bamba. Kwenye ile nyeupe, sehemu iliyoandikwa TRANS/AXLE inapaswa kusomeka J160. Hiyo ndiyo gia boksi ya mkono iliyotoka nayo kiwandani. Ikisomeka vingine, ujue ilizaliwa otomatiki ikabadilishwa na fundi, na hapo mambo ya waya, kompyuta na propela yanategemea uaminifu wa mtu usiyemjua. Zipo zilizofanywa vizuri. Mimi nisingenunua.

Ukiishia kwenye ile ya fedha, muhimu ni mafuta ya gia boksi. Yanatakiwa yawe mekundu na safi. Yakiwa ya kahawia na yananuka kuungua, achana nalo. Yakiwa mapya kabisa, yanayong'aa, uliza kwa nini yamebadilishwa wiki ya kuuza. Liendeshe mpaka lipate moto sawasawa ndipo ulihukumu: toka P kwenda R, kisha D, usikie kama linachelewa kushika au linapiga teke. Na likikufia Kikatiti siku moja, usikubali livutwe kwa kamba hadi mjini magurudumu ya nyuma yakiwa chini. Injini ikiwa imezimwa, pampu ya gia boksi haizunguki, hakuna mafuta yanayopita, na vyuma vinasagana vikavu. Agiza gari la kubebea.

Gharama za baadaye nazipitia haraka. Klachi ya manyuali fundi yeyote mzuri wa Unga Limited anaibadilisha, na seti ya vipuri vyake utaipata. Otomatiki ikifa, wengi hawaifungui, wanakutafutia ya mtumba kutoka Dar, na ya mtumba nayo hujui imetokea wapi. Kwa hiyo unaponunua otomatiki ya zamani weka akiba ya gia boksi nyingine pembeni.

Nitakuwa Arusha Jumamosi asubuhi. Nakuja na fundi wangu, yule aliyeitazama Noah ya baba mkwe, na yeye ndiye atakayelala chini ya gari, wewe vaa nguo zako nzuri. Mpigie muuzaji umwambie tunakuja saa moja na nusu na gari liwe baridi. Usitoe hata shilingi ya kushikia gari, na zungumza na shemeji kabla ya siku hiyo. Nikute jibu lake.

Wasalimie wote. Mwambie Neema ile zawadi ya ubarikio ipo, nitakuja nayo.

Ndugu yako,
Aloyce