Msimfute mwenzenu: barua ya wazi kwa vijana wanaoandika filamu

Wanangu,

Nimeletewa habari za mwenzenu aliyekataa kutia saini ile karatasi mliyoletewa wote muisaini, na agizo mlilopewa kwamba jina lake lisionekane tena kwenye kazi mlizoandika pamoja. Nimeambiwa kikaoni wengi wenu mlinyamaza, na wachache wakasema, "Tulitoe tu, kazi iendelee." Usiku ule usingizi ulinipaa. Mngekuwa wachache ningewaita nyumbani tukazungumza, lakini mmetawanyika, na jambo lenyewe limekwisha kuwa la hadharani. Basi nawaandikia hadharani.

Kabla hamjakutana tena, nataka mmjue mtu mmoja aliyeitwa Dalton Trumbo. Alizaliwa mwaka 1905 Montrose, jimbo la Colorado, Marekani. Mzigo wa familia ulimwangukia akiwa kijana, akafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate Los Angeles karibu miaka minane, huku akiandika hadithi ambazo wahariri walikuwa wakimrudishia. Hakukata tamaa. Ilipofika katikati ya miaka ya 1940, kampuni ya filamu ya MGM ilikuwa ikimlipa dola 3,000 kwa wiki, na waandishi waliompita kwa malipo Hollywood walikuwa wa kuhesabu.

Oktoba 1947 aliitwa Washington mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Akaulizwa kama ni mwanachama wa chama cha waandishi wa filamu, na kama ni mkomunisti. Kweli alikuwa amejiunga na chama cha kikomunisti mwaka 1943, na hilo halikuwa kosa kisheria. Alikataa kujibu, kwa hoja kwamba katiba haiwapi wabunge ruhusa ya kupekua mawazo ya raia. Walikuwa kumi waliosimama hivyo. Mwezi uliofuata Bunge likapiga kura washtakiwe kwa kulidharau, na papo hapo wakuu wa kampuni za filamu, waliokuwa wamekutana kwenye hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, wakatangaza kwamba hawatawapa kazi watu hao.

Someni hapo mara mbili. Hapakuwa na sheria iliyomkataza Trumbo kuandika. Hakimu hakusema hivyo, wala polisi hakuja kumnyang'anya taipureta. Alifungiwa kwa tangazo la matajiri wachache, na tangazo lile likapata nguvu kwa sababu kila aliyelisikia alilitii: prodyuza, mwongozaji, wakala, na jirani aliyeacha kusalimia.

Mwaka 1950 alikwenda jela, Ashland, Kentucky, akakaa kama miezi kumi. Wenzake wawili walipelekwa gereza la Danbury, na huko wakamkuta Parnell Thomas, yule yule mwenyekiti wa kamati aliyewahoji, naye amefungwa. Kosa lake? Alikuwa ameandikisha wafanyakazi hewa ofisini kwake na kula mishahara yao.

Baada ya jela, Trumbo alihamia Mexico na mkewe Cleo na watoto wao watatu. Aliandika kwa majina ya bandia na kwa majina ya kuazima. Bei ya kazi yake ilikuwa imeanguka vibaya tangu alipofungiwa: mswada mmoja mzima aliuuza kwa dola 3,750, kiasi alichokuwa akikipata zamani kwa wiki moja na siku chache. Wanunuzi walijua fika kwamba mwandishi aliyefungiwa hana pa kushtaki. Nawaomba mlitafakari hilo wakati mkimjadili mwenzenu: jina lake likitoka, bei yake itashuka, na kesho mtasikia bei ya kila mmoja wenu imepunguzwa, kwa kuwa mtakuwa mmeonyesha kwamba jina la mwandishi linaondoleka.

Sasa nifike kwa Ian McLellan Hunter, ambaye ndiye hasa nilitaka mmjue. Alikuwa rafiki wa Trumbo na bado hajafungiwa. Trumbo alipotunga hadithi ya binti wa kifalme anayetoroka siku moja mjini Roma, Hunter alikubali iuzwe kwa jina lake, na fedha akampelekea mwenyewe. Filamu ikatoka mwaka 1953 kwa jina la Roman Holiday, na tuzo ya Oscar ya hadithi bora akapewa Hunter. Baadaye naye akafungiwa. Ukikabidhiwa jasho la mwenzako, Hunter ndiye wa kumwiga. Jina alitoa, hatari akaibeba, na fedha ya mwenzake hakuigusa.

Lakini chama chao wenyewe! Mwaka 1952 chama cha waandishi wa filamu, kilichoundwa kuwalinda, kiliziruhusu kampuni kuliondoa kwenye filamu jina la mwandishi yeyote ambaye hajajisafisha tuhuma za ukomunisti mbele ya Bunge. Matajiri walitafuta faida yao, hilo naweza kulielewa. Hawa walikuwa waandishi, walijua usiku mmoja wa kuandika unavyochosha, na bado wakainua mikono. Hapo ndipo mlipokaa ninyi leo.

Mwaka 1957 Oscar ya hadithi bora ilitangazwa kwa Robert Rich, na hakuna mwandishi wa jina hilo aliyepanda jukwaani. Rich alikuwa mpwa wa maprodyuza wa filamu iliyoshinda. Mwandishi alikuwa Trumbo. Tangu hapo watu walianza kunong'ona kwa sauti. Januari 1960 mwongozaji Otto Preminger alitangaza waziwazi kwamba Trumbo ndiye mwandishi wa filamu ya Exodus, na mwaka huo huo mwigizaji Kirk Douglas akaliweka jina la Trumbo kwenye filamu ya Spartacus. Ukuta wa miaka kumi na mitatu uliondoka kwa watu wawili kukubali kutaja jina.

Sanamu ya Oscar ya mwaka 1957 Trumbo alikabidhiwa mwaka 1975, mwaka mmoja kabla ya kufa. Ya Roman Holiday alipokea Cleo, mjane, mwaka 1993. Na jina lake kwenye filamu hiyo lilirudishwa na chama cha waandishi Desemba 2011, baada ya mtoto wa Trumbo na mtoto wa Hunter kulifuatilia pamoja. Miaka 58, na waliolipa deni ni watoto.

Trumbo mwenyewe alisema mwaka 1970 kwamba hakuna haja ya kutafuta mashujaa wala wabaya, kwani wote walikuwa wahanga. Albert Maltz, mmoja wa wale kumi, alilikataa kwa hasira. Mimi niko upande wa Maltz. Aliyetaja wenzake mbele ya kamati na aliyekwenda jela kwa kutowataja hawalingani.

Nami ujanani niliandika mchezo wa redio, na siku ya kurushwa hewani likasomwa jina la mwingine. Mama yangu alikuwa ameketi na majirani kusikiliza. Alinitazama, kisha akaendelea kuchambua mchele. Hilo sijalisahau.

Jumamosi mnakutana tena. Rudisheni jina lake kwenye kurasa zote, na karatasi ile irudi ilikotoka bila saini zenu. Kama kuna malipo yatakayokatwa kwa sababu hiyo, niambieni ni kiasi gani. Na yeye aitwe kikaoni. Nitakuja nikae karibu naye.

Ni mimi mzee wenu.