Kupanda hakunitishi

Kamwene, mama.

Nimesikia kwa Baraka, si kwako, kwamba Jumapili unaingia kwenye hizo mbio za baiskeli za Marmotte, huko huko Ufaransa. Mimi niliyeendesha semi-treila Dar hadi Tunduma miaka yote ile, habari za milima naletewa na mtoto wa kidato cha pili. Haya, yamepita. Nimemwambia anifungulie ramani kwenye simu, nikaifuata njia yenu kwa kidole: mnatoka Bourg d'Oisans, mnapanda Glandon, mnashuka bonde la Maurienne, mnapanda Télégraphe kisha Galibier, mnateremka mwendo mrefu hadi mlikoanzia, ndipo wanawamalizia na Alpe d'Huez. Zaidi ya kilomita 170 kwa siku moja. Aliyepanga njia hiyo hana huruma na watoto wa watu.

Kupanda hakunitishi. Télégraphe ni mita 1,566, karibu sawa na Iringa mjini. Galibier ni 2,642, yaani ufike Iringa kisha uongeze kilomita nzima kwenda juu. Utahema, utatukana kimoyomoyo, lakini kupanda kukikushinda unakaa kando ya barabara, unakunywa maji, basi. Mteremko haukupi nafasi ya kukaa. Malori niliyoyaona korongoni pale Kitonga, mengi yalikuwa yanashuka.

Na lori lina afadhali. Unalishusha kwa gia ileile ambayo ungelipandishia, injini inalishika. Baiskeli injini yake ni wewe, na ukishuka huna kazi. Mwendo wote unaotaka kuupunguza unageuka joto kwenye breki mbili ndogo, na breki ikishapata moto inadanganya: unabana, inabanika, gurudumu halisikii. Kwa hiyo usizikalie tangu juu mpaka chini. Bana kwa nguvu, achia zipate upepo, bana tena. Ubane kabla ya kona, mama, si ndani ya kona. Ukisikia harufu ya kuungua, simama hapohapo, wenzako wakupite. Usiniulize harufu hiyo niliijulia wapi, na mama yako usimuulize pia. Safari ile yeye aliambiwa ni pancha.

Baraka amenisomea kwamba mteremko wa Glandon wenye mbio hawauingizi kwenye muda, kwa ajili ya usalama. Wameona wenyewe! Sasa pale unakimbilia nini? Hata ukisimama ukala ndizi mbili hakuna anayekudai dakika. Nataka unijibu hilo kabla ya Jumapili, unijibu kwa maneno, usinitumie kidole gumba.

Juu ya Galibier, hata miezi hii ambayo kwenu ni kiangazi, baridi inaweza kutia vidole ganzi, na vidole vyenye ganzi havibani breki. Utakuwa umelowa jasho. Weka gazeti kifuani, ndani ya koti, kabla hujaanza kushuka. Waendesha baiskeli wa zamani wa Tour de France walifanya hivyo, na utingo wangu alifanya hivyohivyo Makambako bila kufundishwa na Mfaransa. Ukishapita Lautaret, pale chini ya Galibier, kuna mahandaki. Taa iwe na chaji, na miwani ya jua uivue kabla ya kuingia.

Sisemi haya kwa sababu wewe ni binti. Gino Mäder alikuwa akilipwa kwa kazi hiyo, ana miaka 26, na Juni 2023 alitoka barabarani akishuka Albula kule Uswisi, kesho yake akafariki. Mwaka uliotangulia, Agosti, Sule Kangangi wa hapo Kenya alianguka kwenye mbio za Vermont, Marekani, tukampoteza. Hao walijua baiskeli kuliko wewe na mimi tukiunganishwa.

Kona za Alpe d'Huez ni 21, zimepewa namba kwa kurudi nyuma, ya 21 iko chini. Hapo mnapanda tu, sina neno. Ila Baraka kauliza swali la maana: mbio zikiishia juu, kulala ni chini Bourg d'Oisans, utarudije? Kwa kushuka! Miguu imekwisha, kichwa kimejaa furaha, na mtu mwenye furaha habani breki. Tafuta gari la kukushusha. Kama ni hela, niambie, ingawa Krismasi ulisema nauli hakuna na Februari tukaona baiskeli mpya. Bei yake hukunitajia na sikuuliza, nisije nikaanza kuihesabu kwa matenga ya nyanya.

Kijiweni nimewaeleza. Mzee mmoja akauliza unalipwa shilingi ngapi kupanda mlima wote huo. Nikamwambia unalipa wewe. Wamecheka wiki nzima, nami nimecheka nao, lakini picha yako ndiyo iko kwenye kioo cha simu yangu na kila anayeomba kupiga lazima aione.

Nyanya mwaka huu tenga halirudishi hela ya mbolea. Mama yako anataka tuhamie vitunguu. Mimi nasubiri kwanza pampu, maana fundi kaipeleka mota Iringa na simu zangu hapokei. Paa la jiko limeshikwa na mawe. Ada ya Baraka nimeshalipa nusu, kwa hiyo mwezi huu usitume kitu, nunua brekipedi mpya, na ukishazifunga uzijaribu kwenye kimlima kidogo kabla ya siku yenyewe.

Mama yako anakusalimu. Anasema ile picha ya nguo za kubana usiirudie kwenye kundi la ukoo, mchungaji yumo. Mimi sioni tatizo, ila usiseme nimesema.

Baba yako,
Ilula