Nimeishi ghorofa ya saba Kariakoo miaka 11, sasa naambiwa nijiandikishe kama mgeni

Anti, shikamoo. Nanyi wasomaji wenzangu, salamu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, sijaolewa na sina mtoto. Natunza hesabu kwenye duka la jumla la vitenge hapa Kariakoo, Dar es Salaam, na nakaa mwendo wa dakika sita kutoka dukani, kwenye jengo la ghorofa saba. Nilihamia humo mwaka 2014. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo hili nikilieleza kwa kifupi linaonekana dogo. Watu wawili niliowaambia walinijibu kwamba nalalamika kwa kupewa raha.

Jengo letu lina historia kama ya majengo mengi ya hapa. Mwanzo palikuwa na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati na uani nyuma. Mwenye kiwanja alikuwa bibi mmoja mjane. Akaja mwekezaji, wakakubaliana bibi atoe kiwanja, yeye ajenge, kisha wagawane. Mwekezaji akachukua shimoni, maduka ya chini na ghorofa za stoo mpaka ya nne. Bibi akapata ya tano, ya sita na ya saba, akapangisha watu wa kuishi.

Siku nilipokwenda kuonyeshwa nyumba na dalali, bibi aliniuliza nitakaa na nani. Nikamwambia mwenyewe. Nilikwisha kukataliwa nyumba mbili wiki ile kwa jibu hilo hilo, kwa kuwa mwanamke anayekaa peke yake huonekana ataleta wanaume. Yeye akasema, "Ile nyumba yangu ya zamani nusu ya wapangaji walikuwa peke yao. Mpangaji ni mpangaji." Alinisimulia mara nyingi jinsi uani kulivyokuwa: muuza kahawa, nesi, fundi cherehani, kila mtu na chumba chake na jiko lake, na asiyetokeza asubuhi anagongewa mlango. Nilimpenda sana bibi yule. Alifariki 2023.

Sasa nyumba ni ya warithi, watoto wake watatu. Anayesimamia ni yule wa mwisho, ambaye nilimkuta akiwa kijana wa sekondari na namwita mdogo wangu. Yeye ameona kitu ambacho kila mtu Kariakoo anakiona: wateja wa mizigo kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro wanakuja kununua, wanakaa siku nne tano mpaka mzigo ufungwe, na wanataka kulala karibu na maduka. Chumba kimoja cha lodge kinaingiza kwa siku 15 hela ambayo mimi nalipa kwa mwezi mzima. Akaanza na ghorofa ya tano, ikawa lodge. Mwaka jana ikafuata ya sita. Familia zilizokuwa humo zimekwenda Mbagala, Tabata na Kigamboni. Juu huku nimebaki mimi na mzee mmoja fundi saa, na yeye mwezi ujao anahamia kwa mwanawe Tanga.

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu huyo aliniletea karatasi. Anasema hanifukuzi, ila nyumba yangu ya chumba na sebule itagawanywa iwe vyumba viwili vya lodge na mimi nibaki na kimoja kama "mgeni wa mwezi". Sasa hivi nalipa 400,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, na umeme wa LUKU na maji juu yangu. Mpango mpya ni 450,000 kwa mwezi, lakini humo mna umeme, maji, jenereta, shuka zinazobadilishwa na chai ya asubuhi. Tena nalipa mwezi kwa mwezi, sihangaiki kukusanya ya miezi sita. Ukipiga hesabu, na kupiga hesabu ndiyo kazi yangu, sipotezi kitu.

Masharti yako nyuma ya karatasi. Hakuna kupika chumbani, mtungi wa gesi utoke. Mgeni wa mgeni mwisho saa mbili usiku, akilala analipiwa. Funguo inaachwa mapokezi kila unapotoka. Na mwenye lodge anaweza kurudisha fedha ya siku zilizobaki na kuchukua chumba.

Sharti hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Kijana mmoja anayesoma sheria, mteja wetu, aliniambia kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtambua mpangaji hata wa mwezi hadi mwezi, na ukitaka atoke unampa notisi isiyopungua kipindi anacholipia. Kwa maelezo yake, nikisaini kwamba mimi ni mgeni, nitakuwa nimeiacha haki hiyo kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipomuuliza mdogo wangu kwa nini nisibaki mpangaji hata kwa hiyo 450,000, alinijibu kwa upole kabisa, "Dada, si unaishi mwenyewe? Chumba kimoja kitakutosha, nini tena?"

Anti, neno hilo nimelisikia maisha yangu yote kwa namna tofauti. Kwenye harusi naambiwa nikae popote maana niko mwenyewe. Kazini sikukuu nabaki mimi maana sina watoto wa kuwapikia. Nimevumilia. Ila nyumba yangu ina meza ya marehemu baba, ina kabati la vyombo, ina cherehani, ina miche ya mrehani kwenye makopo dirishani. Jumapili napika wali wa nazi, na mzee fundi saa analetewa sahani yake. Kitu gani hapo hakihesabiki kuwa nyumba?

Nimeshaonja kidogo jinsi itakavyokuwa, kwa sababu lango la kupandia sasa ni moja na mapokezi iko pale chini ya ngazi. Usiku mmoja mwezi wa pili nilirudi saa tatu, tulikuwa tunahesabu mali dukani, mkononi nina mfuko wa samaki. Kijana mpya wa zamu akanisimamisha. "Dada, unakwenda kwa nani?" Nikamwambia nakaa hapa. Hakuniamini. Akanisukumia kile kitabu kikubwa cha wageni chenye safu zake: jina, kabila, kazi, atokako, aendako. Watu wawili wamekaa kwenye kochi wananitazama, samaki anadondosha maji sakafuni. Nilijaza jina, kabila, kazi. Nilipofika kwenye atokako na aendako kalamu ilisimama. Niliandika ghorofa ya saba kote kuwili, nikapanda nikalia.

Idi iliyopita mtoto wa dada yangu aliniletea sufuria la pilau jioni. Wakamwambia muda wa wageni umepita. Simu yangu ilikuwa kwenye chaji sikusikia. Aliacha sufuria mapokezi akarudi kwao Temeke bila kuniona, na mpaka leo ananiuliza, mama mdogo, kwani wewe siku hizi unakaa gesti?

Haki iko huku pia, lazima niseme. Aprili nilishikwa na homa kali usiku. Sikuwa na nguvu ya kufika hata kwa mzee wa jirani. Nilipiga namba ya mapokezi, yule binti wa zamu ya usiku akapanda mbio ghorofa zote saba kwa miguu, akaniteremsha ameniegemeza begani, akaita bajaji tukaenda hospitali, akakaa na mimi mpaka asubuhi. Ilikuwa malaria. Daktari alisema vizuri tulikuja mapema. Mtu anayeishi peke yake ana hofu moja ambayo hamwambii mtu, kwamba siku moja ataanguka ndani na itachukua siku kadhaa watu kujua. Pale mapokezi kuna mtu macho saa 24. Zamani uani kwa bibi kulikuwa na mtu macho, lakini uani umeondoka na nyumba ya Kiswahili. Hilo nalo naliweka kwenye mizani.

Na kuna jambo jingine ambalo mdogo wangu anaona ni woga wa kike. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa la hapa Kariakoo, mtaa wa Mchikichi na Congo, liliporomoka asubuhi watu wakiwa kazini. Walikufa zaidi ya watu 20. Nilikuwa dukani, niliona vumbi, na siku zile zote tulikuwa tunasikia habari za waliofukiwa wakiwa hai wanaongea na waokoaji kutoka chini. Tangu hapo kila nikisikia nyundo kwenye kuta za chini moyo unashtuka. Ili nyumba yangu iwe vyumba viwili watavunja ukuta na kupandisha bafu jingine, na kwenye ghorofa ya tano na ya sita walishafanya hivyo hivyo. Nimeuliza kama kuna mhandisi aliyekagua. Nimejibiwa kwamba fundi ni mzoefu.

Ngazi nazo. Ghorofa ya nne wabeba mizigo wanapanga marobota ya vitenge mpaka kwenye ngazi, pamebaki upenyo wa mtu mmoja kupita kiubavu. Mlango wa nyuma umefungwa kwa mnyororo na kufuli, wenye stoo wanasema unapitisha wezi. Nimepima kwa hatua zangu umeme ukiwa umekatika: kutoka mlangoni kwangu mpaka barabarani ni ngazi 138, na yale marobota yako kwenye ya 60 kuhesabia kutoka juu. Soko kuu liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, tuliangalia moto ule tukiwa juu ya paa hili hili. Lodge ikijaa, wageni ambao hata hawajui ngazi zilipo watakuwa kama 40 chini yangu.

Kaka yangu anasema niache yote, nihamie kwake Chanika, kuna chumba cha nje. Namshukuru. Lakini kutoka Chanika kwa daladala na foleni ni saa mbili, na dukani tunafunga usiku. Tangu waanzishe biashara ya saa 24 hapa Kariakoo mwaka 2025 tajiri naye anazungumzia zamu. Mama yuko Lushoto, yeye anasema nirudi nyumbani. Nikirudi nitakula nini?

Kwa hiyo naomba mnisaidie mambo haya. Kuna yeyote kati yenu aliyewahi kuishi lodge mwaka mzima au zaidi, akiwa peke yake, tena mwanamke? Mlifanyaje kuhusu kupika, na ndugu walipokuja walilala wapi? Je, inawezekana kukubali chumba kimoja lakini mkataba ubaki wa upangaji, nikae na funguo yangu na notisi yangu? Na nimwambieje kijana niliyemsaidia kusoma hesabu mezani kwangu, bila kuonekana namvimbia kwa sababu mama yake alinipenda? Nimefikiria kuomba kikao na warithi wote watatu mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ili na suala la ule mlango wa nyuma lizungumzwe hapo hapo. Ila naogopa nikifika kwa mwenyekiti ndiyo nitakuwa nimefunga mlango wa maelewano.

Kodi yangu ya miezi sita inakwisha tarehe 30. Karatasi iko mezani kwa baba, nimeiwekea kitabu cha hesabu juu ili isipeperuke, sijaisaini. Tafadhali nijibuni kabla ya siku hiyo.

Ni mimi, mpangaji wa ghorofa ya saba,
Kariakoo