Wifi, usikate hizo batiki bado

Wifi yangu mpenzi,

Picha ya batiki zako tano zilizotandazwa kwenye kochi nimeiona, na nimesoma kwamba Jumamosi unaanza kukata. Nakuomba mkasi ukae kabatini wiki moja zaidi. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wapo wengi Dar wanaonunua batiki nzuri Kariakoo wakitaka kushona mfarishi wa viraka, yaani kifuniko cha kitanda cha vipande vilivyoungwa, kisha kazi inawaharibikia kwenye beseni na kwenye kuchagua, cherehani hakijaguswa. Kosa la hapo halirekebishiki ukishaunganisha.

Anza na rangi. Kata kipande cha upana wa vidole viwili pembeni mwa kila batiki, kiloweshe, kilaze juu ya kitambaa cheupe chenye unyevu, halafu kandamiza kwa pasi ya moto. Ile ya damu ya mzee ndiyo inayonipa wasiwasi, kwa sababu nyekundu iliyokolea hutoka kuliko zote, ikifuatiwa na nili. Kitambaa cheupe kikigeuka waridi, batiki hiyo ifue peke yake: maji baridi bila sabuni mara mbili au tatu, kisha maji ya moto na sabuni kidogo, iache mpaka maji yapoe, suuza, pima tena. Endelea hivyo mpaka cheupe kibaki cheupe.

Watakuambia uloweke kwenye chumvi au siki. Usihangaike. Chumvi ina kazi wakati wa kutia rangi, inaisukuma iingie kwenye uzi wa pamba. Siki ni ya rangi za sufu na hariri. Rangi inayotoka kwenye batiki yako ni ile iliyokaa juujuu bila kushikana na uzi, na dawa yake ni kuitoa yote sasa. Usipoitoa, siku ya kwanza ya kufua mfarishi itahamia kwenye ile ya manjano, na hapo hakuna fundi atakayekusaidia.

Baada ya rangi, nta. Batiki ya kufunga kwa kamba haina nta, lakini zako tatu nimeona mistari myembamba ya mvunjiko, kwa hiyo ni za nta. Weka batiki kavu katikati ya karatasi nyeupe zisizo na maandishi, pitisha pasi, kisha inua karatasi uiangalie kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona duara la unyevunyevu kama tone la mafuta ya kupikia, nta ipo. Endelea kubadilisha karatasi mpaka itoke kavu. Magazeti yanafyonza nta vizuri, ila wino wake unahamia kwenye rangi nyepesi. Ikiwa nta ni nyingi, chemsha kwa maji mengi na sabuni kwenye sufuria ambayo hutaipikia tena, baada ya kujaribu kwanza na kipande kidogo. Maji yakipoa nta huganda juu, iondoe na uitupe kwenye takataka. Ukiimwaga kwenye sinki itagandia ndani ya bomba. Nta iliyobaki inaziba meno ya cherehani, inafanya sindano iruke mishono, na inaacha baka kila pasi inapopita.

Hata batiki zilizofaulu kipimo zifue, maana kufua kunamaliza pia suala la kuruka, yaani kitambaa kupungua kikilowa. Pamba isiyofuliwa inaweza kupoteza sentimeta 3 hadi 5 kwa kila mita, na mbaya zaidi ni kwamba kila batiki huruka kivyake. Viraka viwili vilivyolingana leo vitavutana baada ya kufuliwa.

Sasa kuchagua, na hapa nitakukera kidogo. Ile ya kijani iache. Najua ndiyo umeipenda. Tatizo lake ni kwamba inakaribiana mno kwa ukolezi na ile yenye samaki. Ni rangi mbili tofauti, lakini zote ziko katikati, si nyeusi wala si nyepesi. Zikikaa jirani, mchoro wako wote unapotea na mtu akisimama mlangoni anaona kitambaa kimoja chenye vurugu. Kwenye viraka, jicho hufuata weusi na weupe kabla ya kufuata rangi. Batiki inazidisha shida hiyo, kwa sababu ndani ya kitambaa kimoja tayari kuna kukolea na kufifia. Zipange zote tano sakafuni, piga picha kwa simu, igeuze iwe ya nyeusi na nyeupe. Utaona nili inazama, manjano inang'aa, samaki na kijani wanakuwa pacha.

Kwa hiyo kazi zigawe hivi: nili na manjano ndizo za viraka vidogo, kwa sababu maua yake ni madogo. Batiki ya samaki ikae kwenye vipande vikubwa vitupu, maana samaki wa ukubwa wa kiganja akikatwa kwa inchi 4 utabaki na mikia. Damu ya mzee iwe mpaka, kama imefaulu kipimo cha kitambaa cheupe.

Kitanda chako ni cha tano kwa sita, yaani inchi 60 kwa 72. Ukitaka inchi 12 zining'inie kila upande na miguuni, mfarishi unakuwa inchi 84 kwa 84. Toa mpaka wa inchi 6 kuzunguka, katikati inabaki 72 kwa 72, ambayo ni vipande 36 vya inchi 12, sita kwa sita. Kumi na nane viwe vya viraka tisatisa, vitatu kwa vitatu, kumi na nane vitupu, vikipishana kama ubao wa drafti. Kwa kuwa sita ni shufwa, kona mbili zitakuwa za viraka na mbili tupu. Si kosa, usifumue.

Mahitaji nimeyahesabu kwa upana wa inchi 42 unaobaki baada ya kufua na kuondoa ukingo mgumu wa pembeni. Nili mita 1.5 kwa viraka na 0.75 kwa kuzungushia pindo. Manjano mita 1.25. Samaki mita 2.75, ambapo nusu mita ni ya ziada ili uweze kumsogeza samaki akae katikati ya kipande. Damu ya mzee mita 1.5. Pima zako baada ya kufua. Zikiwa nyembamba kuliko hapo, ongeza.

Usikate kiraka kimojakimoja. Kata mikanda ya inchi 4.5 upana wote wa kitambaa, 10 ya nili na 8 ya manjano. Unganisha mikanda mitatumitatu: seti 4 za nili, manjano, nili, na seti 2 za manjano, nili, manjano. Kila seti ikate kwa kuvuka mishono, vipande vya inchi 4.5, utapata 9. Ukichukua viwili vya seti ya kwanza na kimoja cha seti ya pili katikati yake, kipande cha viraka tisa kimekamilika, na hesabu inatosha vipande vyote 18. Vile vitupu vikate inchi 12.5 kwa 12.5.

Kabla ya kukata mkanda wa kwanza, nyoosha kitambaa. Batiki imevutwa, imefungwa, imeanikwa kwenye kamba, kwa hiyo ukingo wake mara nyingi haufuati uzi. Chanja pembeni kidogo, shika uzi mmoja uuchomoe taratibu. Utaona mstari mwembamba kama mkwaruzo unavuka kitambaa, kata juu yake. Mkanda uliokatwa mshazari unanyooka kama mpira chini ya cherehani na miraba inageuka kuwa pembe za ajabu. Kuchana kwa mkono kunavuta nyuzi za pembeni, sikushauri. Alama za kwenye nili weka kwa kipande cha sabuni kikavu, kwenye manjano kwa penseli nyembamba.

Sindano yako ya namba 16 ya kushonea jinzi itoe. Batiki iliyochapwa kwenye kitambaa cha kufumwa kwa kubana inataka namba 11 au 12, mpya na yenye ncha. Sindano nene hutoboa matundu yanayobaki kuonekana, hasa ukifumua. Ukilazimika kufumua, nyunyiza maji na usugue tundu kwa ukucha, nyuzi zitarudi karibu. Uzi wa kijivu unafaa kwa rangi zote, usipoteze hela kununua kila rangi.

Mshono wa kuunganisha unaacha robo inchi, na hiyo robo ndiyo roho ya kazi hii. Ukizidisha milimita 1 tu, kila mshono unakula milimita 2, na kipande cha viraka tisa, chenye mishono miwili ya ndani, kinapungua milimita 4 huku kile kitupu jirani yake kimekaa inchi 12.5 kamili. Ndiyo maana kona hazikutani na watu wanamlaumu cherehani. Jaribu kwanza: kata mikanda mitatu ya inchi 1.5 kutoka kitambaa cha ziada, iunganishe, piga pasi, pima mkanda wa katikati. Lazima uwe inchi 1 kamili. Ukiwa mwembamba, sogeza mshono uwe karibu zaidi na ukingo, kisha bandika utepe kwenye bati la cherehani pale panapofaa, uwe mwongozo wako mpaka mwisho.

Kila mshono laza upande wa nili kwa kukandamiza pasi na kuinua, usiburute. Kwenye seti zote mbili mikunjo ikielekea nili, mishono inayokutana itaelekea pande tofauti na kushikana yenyewe kama meno ya zipu. Batiki ina faida nyingine: mbele na nyuma karibu hazitofautiani, kwa hiyo huwezi kushona kinyume. Lakini siku utakapokata pembetatu, weka alama upande mmoja, maana faida hiyohiyo itakuchanganya.

Mpaka wengi huukosea hivi: wanaweka mkanda mrefu, wanashona mpaka mwisho, wanakata unaozidi. Matokeo yake pembeni panakuwa na mawimbi ambayo hayalali hata kwa pasi. Pima katikati ya mfarishi, si ukingoni, kata mipaka miwili kwa urefu huo, bana kwa pini katikati na nchani ndipo ushone. Fanya vivyo hivyo kwa miwili iliyobaki.

Kwa tabaka la ndani, joto la Dar halihitaji faiba nene. Flana ya pamba inatosha, na inapendeza inavyolala. Ifue kwanza kwa maji ya moto, maana flana huruka sana. Ikibidi kuiunga, gusanisha kingo mbili na uzishone kwa mkono bila kupandanisha, la sivyo utaona tuta chini ya batiki. Flana na kitambaa cha nyuma viwe inchi 92 kwa 92. Nyuma tumia shuka pana ya pamba tupu, au mita 7.5 za kitambaa cha kawaida zikatwe vipande vitatu sawa na kuunganishwa.

Tandaza nyuma juu ya sakafu iliyofagiliwa, ivutie kwa utepe bila kuinyoosha, weka flana, weka juu viraka, kisha piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa uzi mweupe kila inchi 4, ukianzia katikati kwenda nje. Pini za nepi ni za haraka, lakini kazi ikikaa wiki tatu kwenye unyevu wetu zinaacha kutu, na kutu kwenye manjano haitoki. Bandi za kukaribiana zinakusaidia pia kwa kuwa cherehani cha miguu kinasukuma tabaka la chini haraka kuliko la juu. Legeza kidogo skrubu ya kukandamiza guu, refusha mshono uwe milimita 3, na ushone mistari iliyonyooka kufuata mishono ya viraka, kutoka ukingo hadi ukingo. Anza na mstari wa katikati. Mistari itapita juu ya samaki, na kwa uzi wa rangi ya samaki hutaiona. Kuwazungushia kwa mkono kungependeza, ila batiki iliyobana inaumiza vidole na mishono inakuwa mikubwa.

Mwisho punguza kingo zote zilingane, unganisha mikanda 9 ya nili ya inchi 2.5, ikunje katikati kwa urefu na uishone upande wa mbele. Ukibakiza robo inchi kufika kona, simama, rudisha mshono, inua mkanda kwenda juu uwe mshazari, ushushe tena ukae sawa na ukingo wa pili, endelea. Ukipita bila kusimama kona itakuwa ya mviringo na yenye donge. Geuzia nyuma, malizia kwa mkono.

Mfarishi uliolowa ni mzito, hivyo usiuanike kwa kuubana ukingo mmoja. Utandaze juu ya kamba mbili kivulini, nyuma ikiwa juu. Na masika usiufungie kwenye mfuko wa nailoni, kuvu itaupata. Mkoba wa kitambaa unatosha.

Leo fanya kipimo cha kitambaa cheupe tu, kisha nitumie picha yake pamoja na ile ya nyeusi na nyeupe. Nikiona damu ya mzee imetulia, nitakuambia ukate.

Wako,
Wifi yako