Mchoro wa kituo chetu: tusome kabla ya Jumamosi

Habari za jioni wanakikundi,

Nimepitia maoni yenu yote kuhusu kituo cha jamii tunachotaka kujenga. Wengi mnataka uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu, nami naunga mkono, ila tujue tunachoomba: uwanja kamili ni mita 28 kwa 15, bado nafasi ya pembeni, na dari iwe juu angalau mita 7. Kiwanja chetu kimebanwa na barabara. Ukumbi huo utameza karibu kila kitu. Napendekeza uwe wa shughuli zote, sakafuni mistari ya kikapu na ya wavu, pamoja na stoo kubwa ya viti na nyavu. Stoo ndiyo husahaulika kila mara!

Chumba cha kusomea kikae mbali, mdundo wa mpira hupenya ukuta. Njia ya viti vya magurudumu: kila sentimita 1 ya kupanda ipate sentimita 12 za urefu. Hapo hatupunguzi.

Wazee na akina mama wenye watoto wachanga hawajasikika humu. Anayeishi nao awaulize wangependa kuja saa ngapi, kufanya nini, atuletee majibu Jumamosi. Msanifu majengo atafika saa nne asubuhi.